Barua ya Serikali Hailiwi Moto

Pale Rahaleo, Mtwara, mbele ya duka la ushirika lililokuwa na kila kitu isipokuwa bidhaa, palikuwa na kijiwe. Kiti chake kilikuwa ubao mmoja mpana, uliopakwa rangi nyeupe na kuandikwa maandishi meusi, ukalazwa juu ya madebe mawili ya lami. Ubao wenyewe ulikutwa asubuhi moja umeegemezwa ukutani, hakuna aliyejua umeletwa na nani, na wenye kijiwe wakakubaliana kwamba serikali imewakumbuka. Maandishi yake yalipata tafsiri nyingi. Lukasi, mtu wa Mbinga aliyeendesha winchi bandarini na kuitwa Winchi, alisema ni jina la meli. Ismaili, aliyeitwa Redio kwa sababu alikuwa nayo na kwa sababu yeye mwenyewe hakuzimika, alisema ni masafa ya mawimbi. Mzee Salumu muuza kahawa, ambaye hata mkewe alimwita Dele, kwa jina la birika lake la kahawa, alisema maandishi hayana kazi, mwenye kazi ni aliyekaa. Na Issa bin Bakari, balozi, yaani mjumbe, wa nyumba kumi, ambaye ndiye msomaji wao, aliutazama ubao kupitia miwani yake, akakohoa, akasema haya ni mambo ya serikali, hayafai kutajwa barabarani. Basi wakaukalia. Wanawake wakipita asubuhi, kijiwe kikiwa kitupu, waliutazama ule ubao, wakatabasamu, wakaenda zao. Issa alimwona hata mkewe akitabasamu hivyo, mara nyingi tu, akajua ni heshima.

Sasa huyu Issa alikuwa na siri yake, nayo tuiseme mapema ili isimsumbue mtu. Hakujua kusoma. Miwani aliachiwa na karani mmoja aliyekuwa akimsomea barua za mwanzo kabla ya kuhama mji, na kupitia vioo vile hakuona hata njia, lakini alionekana, na kwa balozi kuonekana ni nusu ya kazi. Barua ya tawi la Chama ikifika, Issa aliiweka mfukoni na kutamka kanuni aliyoitunga mwenyewe: barua ya serikali hailiwi moto, sharti ilale. Ikaenda kulala nyumbani. Huko mkewe, Mwanakombo, aliisoma akiwa anachekecha unga wa muhogo, karatasi ameiegemeza kwenye kinu, naye Issa akakaa juu ya kigoda akisikiliza. Kesho yake aliisoma kijiweni neno kwa neno, na muhuri akautaja. Mungu hamnyimi mja wake vyote, alimnyima herufi akampa kichwa.

Mwanakombo alianza kisomo kwa amri ya mumewe. Amri ilipotoka kwamba watu wazima wote wajiandikishe, Issa aliziandikisha nyumba zote kumi, akamtanguliza mkewe awe mfano, na yeye akasema atafuata. Ilikuwa mwaka wa nne sasa anafuata. Mwanakombo alipanda hatua zote, akawa anamsaidia Mwalimu Veronika kufundisha kina mama wenzake, na mwezi uliopita, mikono imejaa unga, alimwambia mumewe kwamba jina lake limepelekwa mbele, huenda akachaguliwa kwenda Masasi kusomea ualimu wa kisomo. Alimwambia, baba Tunu, ikija barua yangu, nakuomba usiilaze. Issa akaitikia ehee, kama mtu anavyoitikia habari za chumvi kupungua, na kwa kuwa jambo hilo halikuwa na muhuri, halikukaa kichwani.

Basi siku hiyo wametoka swala ya alasiri, Winchi amekwishakuwashikia nafasi, na Dele ndiyo kwanza anasuuza vikombe.

— Leo ni Alhamisi, tarehe kumi na nne, mwezi wa nane, — alifungua Redio kama ilivyo ada yake, — na hali ya hewa ni hii mnayoiona.

— Ahsante kwa taarifa, — alisema Winchi. — Tungeishi wapi bila wewe.

Mara baiskeli ikasimama. Ilikuwa baiskeli ya kiume, na aliyeshuka alikuwa mwanamke, gauni amelibana kwa pini ya nguo, mkoba wa ofisi begani. Aliamkia, wakamwitikia marahaba, naye akajieleza kwamba anaitwa Magreth, tarishi mpya, ndio mwezi wa kwanza tangu ahamishiwe Mtwara kutoka Njombe.

— Ndugu Mjumbe ni yupi hapa?

Issa akavuta pumzi ya cheo. — Ni mimi, binti.

— Barua yako. Ni mambo ya akina mama. Nitapita kabla ya saa kumi na moja kuchukua jibu, maana leo ndiyo mwisho.

— Barua ya serikali huwa inalala kwanza.

— Hii haina pa kulala, mzee, — alisema Magreth. Akapanda, akakanyaga, akaenda, na macho manane yenye umri yakamsindikiza mpaka kona.

— Kwa hiyo amepanda ile, — alisema Winchi.

— Amepanda.

— Ya kiume.

— Winchi, baiskeli haina tohara, — alisema Dele. — Balozi, tusomee.

Issa akaigeuza barua mkononi. Mwanakombo alikuwa shuleni, siku ile ilikuwa ya mtihani wa kisomo wa kina mama, na mwanamume hawezi kuingia katikati ya wanawake sabini kutafuta mtu wa kumsomea barua kisha akarudi na ubalozi wake. Akavaa miwani. Akaona muhuri wa duara. Akaona mistari minane, na katikati maneno mawili yamepigiwa mstari chini, akakisia kuwa ni maneno ya hatari. Mambo ya akina mama, alisema yule binti. Na mwaka wenyewe ni huu, ambao Redio amewachosha nao tangu Januari, mwaka wa wanawake duniani. Issa akakohoa.

— Ndugu Mjumbe, — alianza, sauti ya tawi kabisa. — Salamu za Chama. Katika mwaka huu wa wanawake duniani, wazee wa nyumba kumi mnatakiwa mkae kikao, mchague mwanamke mmoja wa kupigiwa mfano, aliyewatia moyo wanaume katika kazi ya kujenga taifa. Jina liletwe leo. Wako katika ujenzi wa taifa.

Ilimtoka vizuri mno hata mwenyewe akaiamini.

— Imeandikwa hivyo? — aliuliza Dele, akimmiminia.

— Neno kwa neno.

— Maana leo haikulala.

— Ni ya haraka, Dele. Wahenga walisema haraka haraka ndiyo yenye baraka.

— Wahenga wa wapi hao?

— Wa ofisini.

Issa akaiweka barua ubaoni, akaikandamiza kwa kikombe isipeperuke, akavua miwani kama mtu aliyemaliza kazi nzito. Kikao kikaanza.

— Kwanza tuelewane, — alisema Redio. — Redio imesema mwaka mzima ni wa wanawake. Dunia nzima, mpaka kwa Waeskimo.

— Na miaka mingine yote ilikuwa ya nani? — aliuliza Winchi.

— Ya kwetu.

— Hata ule wa njaa?

— Ule tuligawana.

— Mligawanaje?

— Sisi tulikuwa na njaa, wao walitafuta chakula.

Wakaona ni mgawanyo wa haki. Dele akagonga vikombe viwili kuupitisha.

— Basi mimi namtaja wa kwangu, — aliendelea Redio. — Yule mama mtangazaji wa asubuhi. Ndiye anayenitia moyo. Kila alfajiri ananiambia, hujambo msikilizaji. Mke wangu hajawahi kunisalimia hivyo.

— Anakujua? — aliuliza Winchi.

— Nimekwambia anasema msikilizaji. Nyumbani kwangu msikilizaji ni nani mwingine?

— Na mkeo?

— Yeye asikilize saa ngapi? Alfajiri yuko kwenye mihogo, akitoka huko anauza, akishauza ananunua betri. Kazi na dawa, bwana. Yeye kazi, mimi dawa.

— Huyo mtangazaji hayumo katika nyumba kumi, — alisema Issa, ambaye barua aliyoitunga alikuwa ameanza kuilinda. — Barua inataka wa hapa.

— Imesema hivyo wapi?

— Mstari wa sita.

Winchi alikuwa akitikisa kichwa tangu zamani, na sasa akakisimamisha.

— Ninyi mnacheza. Hamjui kinachokuja. Mimi niko bandarini, naona mbali. Juzi imeingia meli ya mbao, nahodha mwanamke.

— Ulimwona?

— Nilimwona kwa nyuma. Nywele mpaka hapa.

— Wazungu wote siku hizi nywele mpaka hapo, — alisema Dele. — Nasikia alikuwa na ndevu.

— Ndiyo maendeleo yenyewe hayo. Sikilizeni. Akishakuwa nahodha, kesho anataka winchi. Na mwanamke akishika winchi, meli inapakuliwa kwa siku moja. Maana hao hawapumziki, mnawajua, akimaliza hiki anashika kile. Sasa kama meli imekwisha Jumatatu, sisi Jumanne tunakula nini? Mchumia juani hulia kivulini.

— Hulia machozi au hulia chakula? — aliuliza Redio. — Mimi nasikia hulia chakula chake kivulini.

— Kwetu Mbinga analia. Kisha watasema bandari iko mbali, ihamishiwe Msimbati iwe karibu na mama zao. Na ninyi Wamakonde mtakubali, maana ndiyo zenu. Mtani wangu anakwenda kuoa na begi lake, anabakia huko huko. Nyumba ya mke, shamba la mke, mjomba wa mke ndiye jaji. Hata jogoo akiwika anawika kwa niaba ya mkwe.

Dele hakuchukia. Utani huo aliuzoea kama moshi.

— Ndiyo sababu kijiwe kinajaa, mtani. Mgeni hakai jikoni kwa mwenye nyumba. Hapa ndipo pekee mwanamume wa Mtwara anapokuwa na kiti chake.

— Na hiki nacho cha serikali, — alisema Redio.

— Mimi wa kwangu ni marehemu mama mkwe, — aliendelea Dele. — Huyo kweli alinitia moyo. Nimekaa kwake Msimbati miaka mitatu. Kila siku alinitazama mara moja tu, asubuhi, halafu akakitazama kizingiti. Mwaka wa nne nikapata moyo, nikaja mjini. Kahawa hii mnayokunywa ni jasho lake.

Wakamrehemu, wakanywa jasho.

— Lakini hatari kubwa si winchi, — alisema Redio, akisogea mbele. — Hatari ni kusoma. Mimi nimelichunguza. Mwanamke anaanza na a, e, i, o, u, unasema haidhuru. Anasoma kibati cha namba ya nyumba, unasema haidhuru. Anasoma barua yako. Akishazoea karatasi, haihitaji tena karatasi. Anasoma paji la uso. Unaingia nyumbani, hujasema neno, ameshakujua ulikuwa wapi na ulikula nini.

— Wa kwangu alikuwa hivyo kabla ya kisomo, — alisema Winchi.

— Huyo ni wa kipaji. Nawazungumzia hawa wa darasani. Baada ya miaka mitano watakuwa wanasoma ndoto. Utaota, asubuhi unakuta ameshaisahihisha kwa wino mwekundu.

Issa alijikuta amepapasa paji la uso wake. Kofia ilikuwa mahali pake.

— Kwa hiyo tunamchagua nani? — alisema. — Muda unakwenda.

Dele alikuwa amechuchumaa akipuliza makaa. Alisema bila kuinua kichwa.

— Mimi naona tunazunguka mbuyu. Mtu yupo, tena yupo karibu. Mama Tunu.

— Mama Tunu yupi?

— Balozi, mama Tunu mkeo. Hivi sasa anasimamia mtihani wa kina mama shuleni. Binti yangu mkubwa amejua kusoma kwa ajili yake. Kama ni kupigiwa mfano, apigiwe huyo, tumalize, tunywe.

Wote wakamtazama Issa. Naye Issa, badala ya kufurahi, aliingiwa na baridi. Wakimsifu Mwanakombo kwa kusoma, wataanza kuuliza anasoma nini. Wakiuliza anasoma nini, watafika kwenye barua. Wakifika kwenye barua, miaka minane ya ubalozi itabaki miwani tu.

— Mke wangu? — alisema, akacheka kicheko kisicho chake. — Ana nini huyo? Kuimba a, e, i, o, u na wenzake? Wahenga walisema nyota njema huonekana asubuhi. Huyu mke wangu asubuhi yuko jikoni, haonekani. Kwa hiyo si nyota. Andikeni mwingine.

— Tunaandika?

— Namaanisha, tajeni.

Lilipomtoka lile neno Issa aliona aibu, aibu hasa, akanywa kahawa ya moto haraka ili apate kitu kingine cha kumuunguza. Mwanakombo hakuwa na kosa lolote. Alikuwa amemsomea juzi barua ndefu ya vyoo huku mtoto wa jirani anamlilia miguuni. Lakini neno likishatoka kijiweni huwa mali ya umma, na Dele akarudi kwenye makaa yake.

— Balozi ni mwadilifu, — alisema Redio. — Hapendelei watu wake. Basi tuweke masharti. Awe mchapakazi.

— Lakini asionekane akichapa kazi, — alisema Winchi, — inawaaibisha waliokaa.

— Awe na msimamo.

— Msimamo asimame nao nje, nyumbani aje amekaa.

— Awe na sauti katika jamii.

— Awe nayo, asiitumie.

— Asipande baiskeli.

— Asisome barua, — alisema Issa.

— Mtu huyo namjua, — alisema Dele. — Yuko makaburini.

Alikusudia kuwasuta. Lakini Redio alipigwa na nuru.

— Bi Sharifa.

— Yupi, wa vitumbua?

— Huyo huyo, Mungu amrehemu. Aliamka saa tisa za usiku miaka thelathini, akatulisha sote, na hakuwahi kumjibu mwanamume.

— Alikupiga upawa, Redio. Hapa hapa. Nilikuwepo.

— Hakunijibu. Alinipiga. Ni vitu viwili.

— Mimi nampenda marehemu, — alisema Winchi. — Marehemu hana madai. Hasafiri, hasomi, hatamani winchi. Maendeleo ya mwanamke yangekuwa ya namna hiyo, nani angeyapinga?

— Na mgema akisifiwa tembo hulitia maji, — aliongeza Redio. — Huyu tukimsifu hana cha kutia.

Wakapiga kura. Wakapata kura tatu, na ya Dele ikahesabiwa ya nne kwa kuwa alikuwa akimimina. Bi Sharifa binti Athumani, marehemu wa miaka miwili, akawa mwanamke wa mfano wa nyumba kumi za Rahaleo, na wazee wakajiona wamewatendea haki wanawake wote duniani kwa vikombe vitatu kila mmoja.

Baiskeli ikarudi.

— Jibu tayari, Ndugu Mjumbe? — aliuliza Magreth, mguu mmoja chini.

— Tayari, binti. Tena kwa kauli moja. Bi Sharifa binti Athumani.

— Huyu mmemtoa wapi?

— Ni wa hapa hapa. Alikuwa wa hapa. Amefariki mwaka juzi.

Magreth akawatazama mmoja mmoja, kama mgeni anayejiuliza kama huu ndio utani wa huku au ni ugonjwa.

— Samahani wazee wangu. Sasa kesho saa kumi na mbili asubuhi, marehemu ndiye atakayepanda gari la Masasi?

Swali lilikuwa jepesi, lakini wote wanne walilitazama kama mzigo ambao hata winchi ya Lukasi isingeuinua. Dele aliyekuwa akimimina akasahau kuacha, kahawa ikafurika kikombe, ikamwagikia chini.

Masasi. Neno hilo lilimwingia Issa taratibu, likiburuta unga wa muhogo nyuma yake. Ikija barua yangu, nakuomba usiilaze.

— Hebu isome wewe, binti, — alisema. — Miwani yangu imeingia vumbi.

Magreth akainua kikombe, akaichukua barua, akasoma kwa sauti ya mtu anayejua kusoma, wala hakukohoa kabla.

— Ndugu Mjumbe. Unaarifiwa kwamba Ndugu Mwanakombo Saidi, wa nyumba zako kumi, amechaguliwa kwenda mafunzo ya walimu wa kisomo, Masasi, wiki sita. Gari linaondoka kesho Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi. Mjumbe wa eneo athibitishe kwa sahihi yake kwamba hakuna kizuizi. Isipothibitishwa leo, nafasi atapewa mwingine. — Akaikunja. — Hii ya kumchagua maiti sijaiona. Huyu Mwanakombo Saidi ni nani?

Redio akageuza shingo kama anayetafuta masafa mengine. Winchi akatazama bandarini, ambako hakuonekani kutokea pale. Issa akabaki na lile swali peke yake.

Wiki sita. Kwa kawaida ya tawi hizo ni barua sita, saba. Ingetosha kusema neno moja. Aseme mama yake mkubwa anaumwa, au mtoto, au aseme tu kizuizi kipo na asiulizwe, maana mume akiwa ndiye mjumbe nani atamhoji? Mwanakombo angerudi jioni na chaki kwenye vidole, angeuliza barua imekuja, naye angesema bado. Ubalozi ungekaa salama. Issa aliyaona yote hayo kwa uwazi kuliko alivyowahi kuona kitu kwa ile miwani, na akajichukia kwa jinsi yalivyomjia kwa urahisi.

— Ni mke wangu, — alisema. — Na hakuna kizuizi.

Kisha, kwa kuwa lilikuwa limeshafunguka, akalimaliza.

— Ndiye aliyekuwa akinisomea barua zenu.

— Zote? — aliuliza Redio.

— Zote, tangu karani ahame.

— Hata ile ya vyoo, uliyotusomea kwa ukali?

— Ukali ulikuwa wangu. Maneno alisoma yeye.

Dele akatua dele chini.

— Balozi, tulijua. Barua zako zote zilikuwa na vidole vya unga pembeni, na wewe hatujawahi kusikia ukitwanga.

— Mbona hamkusema?

— Tungesema, nawe ungetuambia, haya someni ninyi.

Magreth akatoa kalamu, akamnyooshea. Issa akaipokea, akaishika kama mtu anavyoshika mwiba wa samaki aliyeutoa kooni, akaitazama, akairudisha.

— Wino wa dole gumba unao?

— Uko ofisini, mzee, na karani keshafunga.

— Mimina kahawa, Dele.

Dele akainamisha birika lake. Yakatoka matone mawili na mashapo. — Imekwisha, — alisema, na akaelewa, akaligeuza dele lenyewe, kitako juu, pale miaka na miaka ya moto ilipoacha masizi mazito. Issa akasimama, akasugua dole gumba kwenye masizi yaliyolowa mashapo, akasubiri Magreth aitandaze barua juu ya kiti cha baiskeli, kisha mbele ya Redio, mbele ya Winchi, mbele ya duka la ushirika na yeyote aliyekuwa akipita, akakandamiza. Lilitoka dole kubwa jeusi. Ilikuwa barua ya kwanza isiyo na unga.

— Ahsante, Ndugu Mjumbe, — alisema Magreth, akipuliza ikauke. — Nitampelekea mwenyewe shuleni sasa hivi. Kumbe ninyi mko darasani, nami nawachelewesha.

— Darasa gani?

— Hili. — Akaonyesha kwa kidole mahali alipokuwa amekaa Issa, kisha akainama, akasoma pale palipo wazi, na palipozibwa akasubiri Winchi asogee. — Kisomo cha Wanaume. Jumatatu na Alhamisi, saa kumi na moja jioni. Hapa. Wote mnakaribishwa.

Akaingia njiani, kengele ikalia mara moja, akapotea.

Waliobaki hawakutazamana. Redio akajitanua kidogo ubaoni, Winchi akarudisha paja lake lilipokuwa, ili herufi zisizidi kuonekana. Issa alikuwa bado amesimama. Alikumbuka tabasamu la kina mama asubuhi, mmoja baada ya mwingine, miaka yote hiyo, na la mkewe kati yao, na masikio yakamwaka. Akavua miwani, akaikunja, akaitia mfukoni. Mbali kidogo, upande wa shule, palikuwa na kelele za wanawake wanaotoka mtihanini, wakicheka.

— Leo siku gani? — aliuliza.

Dele akajishughulisha kusuuza vikombe visivyohitaji. Winchi akasema yeye siku zake huzijua kwa meli. Na Redio, ambaye tangu kijiwe kiwe kijiwe aliitangaza siku bila kuulizwa na mtu, aliinama akaanza kutafuta kitu ndani ya kikombe kitupu.